Pete Iliyonipwaya

Hajazaliwa mwanamume wa kunidanganya mimi Evarista nisimjue siku hiyo hiyo. Mwongo namnusa akiwa bado barabarani. Waulizeni soko zima la Castries. Isipokuwa mmoja tu, na huyo nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini kasoro mwaka, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe hii pua yangu inafaa kwa kazi gani.

Wewe uliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nakusimulia kwa kifupi. Redio yetu ilitangaza zawadi kwa ndoa iliyodumu: siku nane, watu wawili, ndani ya meli ya kitalii iliyo ndefu kuliko mtaa wetu. Nikaandika barua. Nikasema mimi na Cletus tulifunga ndoa Juni mwaka themanini. Walipotaka cheti nikawaambia kilibebwa na kimbunga cha Agosti mwaka huo huo, pamoja na paa la kanisa.

Kwetu Saint Lucia neno hilo halina mbishi. Kimbunga kile kimeshabeba vyeti vingi kuliko mabati.

Ukweli ni kwamba hatujaoana. Watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, ndoa sifuri. Kila mwaka Cletus alisema tungoje mavuno ya ndizi. Ndizi zikavunwa, zikapakiwa, zikaliwa na Wazungu, shamba lenyewe likageuka uwanja wa mpira, na Cletus bado anangoja mavuno.

Cheka, lakini usicheke sana. Kwetu mwanamke anayeishi na mtu bila ndoa haendi kupokea komunyo. Anabaki kwenye benchi. Miaka yote hiyo, kila Jumapili, wenzangu wakinyanyuka kwenda mbele, mimi napindisha magoti pembeni ili wapite, kisha nainamisha kichwa mkobani kama mtu anayetafuta miwani. Mkoba ule naujua kuliko ninavyojua Injili.

Padre Lambert alishaniambia: "Evarista, siku Cletus atakaposema ndiyo mbele za watu, mimi nawafungisha wiki hiyo hiyo."

Ndiyo maana nusura nizimie kwa furaha nahodha alipotangaza kwamba Jumamosi alasiri sisi washindi tutapanda jukwaani kurudia viapo vyetu. Watu walidhani tunarudia. Mimi ningekuwa naanza. Akishasema ndiyo mbele ya watu elfu mbili na kinasa sauti cha redio, nyumbani atamwambia padre nini?

Na pete ninayo. Cletus aliileta mwenyewe siku tuliyoshinda, kaifunga kwenye leso. Alisema kainunua duka la vitu vya rehani, ilikuwa ya mama mmoja mnene. Ilinipwaya kama ndoo kwenye kijiti. Nikaizungushia uzi upande wa chini, ikatulia. Ndani ilikuwa na vijialama. Macho yangu vitu vidogo hayavioni tena, nikamuuliza ni nini.

"Alama za sonara," akasema.

Nikaamini. Pua yangu hiyo.

Sasa tuendelee. Alhamisi asubuhi meli ilifunga gati kisiwa cha Curaçao.

Mhudumu alikuwa ametukunjia taulo umbo la tumbili, kaliweka kitandani. Cletus alilala kando ya tumbili yule, shuka kaivuta hadi kidevuni.

"Goti," akasema.

"Goti lipi?"

"La kulia."

"Jana hilo hilo lilicheza na yule mama wa Barbados mpaka mpiga ngoma akaomba maji."

"Ndiyo sababu leo linauma. Nenda wewe, Eva. Mimi nitalinda chumba."

"Kwani chumba kinakwenda wapi?"

Mlango ukagongwa. Joselle huyo. Joselle ni mtangazaji tuliyepewa na redio aje kutufuata na kinasa sauti chake, mwanamke wa miaka thelathini na tano, ana sauti ya asali na macho ya ofisa forodha.

"Wazee wangu, bado mmelala? Leo ndiyo siku ya picha! Wapenzi wa miaka thelathini na tisa, wameshikana mikono chini ya maji, samaki wamewazunguka. Wakubwa wangu wanaitaka picha hiyo kuliko mshahara wangu."

"Mpige picha tumbili," Cletus akamjibu toka ndani ya shuka.

"Baba Cletus, bila picha hakuna Jumamosi." Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamshika kidole gumba cha mguu, maana ndicho kilichokuwa nje.

"Cletus. Sijakuomba kitu tangu tuzike mama yangu. Twende."

Akanitazama kama mtu anayepima maji ya moto kwa ncha ya kidole. Kisha akaamka.

Ila mavazi yake! Kofia ya ukindu kaishusha mpaka masikioni, halafu akavaa miwani yangu ya jua, ile yenye maua meupe pembeni.

"Unamkimbia nani?"

"Jua."

"Jua la nyumbani mbona hulikimbii?"

"La nyumbani tumezoeana."

Tulishuka. Mjini alitembea ameambaa na kuta kama paka wa jirani, na kila palipokuwa na kundi la wazee wenzake waliokaa nje, goti lake lilipona ghafla, akaongeza mwendo.

Karibu na mashua zilipo, mama mmoja alikuwa anauza sambusa zao za jibini. Joselle akalipia tatu, akapewa mbili. Akajaribu Kiingereza, mama yule akajifanya kiziwi. Basi Cletus, mtu ambaye maisha yangu yote sijamsikia akisema zaidi ya Kiingereza na patwa yetu ya nyumbani, akageuka akamwaga maneno ya kule. Si neno moja. Marefu, yenye mikunjo, na mwishoni akaweka kichekesho. Mama wa sambusa akacheka mpaka akashika meza. Akaleta ya tatu, akampiga Cletus bega.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia alete ya tatu."

"Kwa maneno yote yale?"

"Lugha yao ndefu."

"Umejifunza wapi? Si uliniambia Curaçao hujawahi kukanyaga?"

"Sijakanyaga! Saint Croix, pale kiwanda cha mafuta, nililala chumba kimoja na mtu wa huku. Miaka mitano, Eva. Hata kasuku angejua."

Hayo ya Saint Croix nilikuwa nayo. Cletus alifanya kazi kisiwani huko ujanani kabla hatujajuana, na habari zake amezisimulia kwenye kila ubatizo na kila matanga ya mtaa wetu, mpaka watoto wanamalizia sentensi. Nikala sambusa yangu. Labda ningejiuliza yule mama alicheka nini hasa, lakini jibini lilikuwa bado la moto.

Mwenye mashua alikuwa anaitwa Rudsel, mtu wa miaka hamsini na kitu, ndevu za mvi, kifua kama pipa. Alitupeleka mahali penye matumbawe, akatia nanga, akatugawia miwani ya kuzamia na mirija.

"Mama, uso unauweka majini, unapumua kwa mdomo," akanielekeza.

"Nimepumua kwa pua miaka sitini na sita."

"Leo ipumzishe."

Kweli kabisa. Ilistahili likizo.

Jaketi la kuelea alilonifunga lilinipandisha matiti hadi mashavuni. Sijui kuogelea, msinishangae. Nimezaliwa kisiwani, mama yangu kazaliwa kisiwani, na baharini sisi tulikuwa tunapeleka nguo chafu na watoto wachafu, basi. Nilishuka ngazi kinyumenyume nikiwataja watakatifu, na nilipofika kwa Mtakatifu Yuda miguu ikakosa pa kukanyaga.

Jaketi likanishika. Nikaelea kama shelisheli bovu. Cletus alikuwa pembeni, amenishika mkono wa kushoto, macho yake hayatoki ufukweni. Nikadhani anaogopa kina. Rudsel alikuwa ndani ya maji na kamera ya redio. Joselle alibaki kwenye mashua, kaning'inia ukingoni na kinasa sauti, kataa kake kekundu kanawaka.

Nikamvuta Cletus nikamnong'oneza.

"Jumamosi utasema ndiyo?"

"Eva, samaki wanatusikiliza."

"Waache wasikie. Utasema?"

Wimbi dogo likatunyanyua, likatushusha.

"Nitasema," akajibu.

Miaka thelathini na tisa, halafu neno lenyewe limekuja hivyo, mtu kaning'inia majini, mrija kaupandisha kwenye kipaji cha uso kama pembe. Nililia. Na nawashauri, msilie ndani ya miwani ya kuzamia, machozi hayana pa kwenda.

"Tayari!" Rudsel akapiga kelele. "Nyuso chini, mikono pamoja!"

Tukainamisha nyuso. Chini kulikuwa na samaki wa kila rangi, wanapita na shughuli zao. Kwanza nikaona kitu cheupe chembamba kinaelea mbele ya vidole vyangu. Nikawaza, samaki gani huyu, hana tumbo.

Ulikuwa uzi wangu. Maji ya chumvi yalikuwa yameufungua.

Kisha pete ikatoka.

Ilishuka taratibu, inageuka upande huu, inageuka upande ule, inameta. Samaki wa manjano akaifuata, akaionja, akaiacha. Nikanyoosha mkono. Jaketi likanirudisha juu. Nikapiga miguu, nikazunguka palepale kama kile kibati cha juu ya paa kinachoonyesha upepo. Nikalazimisha kichwa kiende chini, makalio yakaenda juu. Pete nilikuwa naiona wazi, wazi kabisa kama iko juu ya meza yangu jikoni, na sikuwa na la kufanya ila kutazama jinsi inavyoniacha. Ikaingia kati ya mawe mawili. Kwisha.

"Pete!" nilipiga kelele mpaka mrija ukaruka. "Pete yangu!"

"Iache," Cletus akasema.

"Nini?"

"Iache, Eva. Pete tu ile. Nitakununulia nyingine, isiyopwaya."

"Jumamosi nivae nini? Kamba ya kiatu?"

"Nimesema iache!"

Joselle akainua kichwa. Cletus hajawahi kupaza sauti tangu ng'ombe wa jirani alipotafuna suruali yake ya kanisani.

Rudsel akamtazama kwa mshangao. "Mzee wangu, pete ya ndoa haiachwi kwenye maji haya. Marehemu babu yangu atanifufukia." Akampa Joselle kamera, akavuta pumzi, akazama.

Walinipandisha mashuani kama gunia la chumvi, Joselle anavuta, Cletus anasukuma. Nikakaa, maji yananitiririka. Sikuweza kumsaidia Rudsel. Sikuweza hata kuona alipo. Niliona mapovu tu.

Akaibuka mara ya kwanza, mikono mitupu. Akaibuka mara ya pili na kizibo cha chupa.

"Mungu mkubwa," Cletus akasema. Mtu anashukuru kizibo! "Basi, twendeni, meli itatuacha."

"Baba, meli inaondoka saa kumi na moja," Joselle akamwambia. "Sasa hivi ni saa sita." Akamsogezea kinasa sauti mdomoni. "Mbona huna hamu na pete ya mkeo?"

"Nina hamu na chakula."

Mimi nilifumba macho. Nikamwambia Mungu: najua mimi ni mtu wa benchi la nyuma, lakini hata huko nyuma si unasikia? Sikuomba utajiri. Niliomba kipande kile cha dhahabu kirudi, Jumamosi ifike, na Jumapili moja, moja tu, ninyanyuke na wenzangu, wengine ndio wapindishe magoti nipite.

Maji yakapasuka. Ukatoka mkono kwanza, umeinuliwa juu, na kwenye ncha ya kidole pete inawaka jua.

Niliubusu mkono ule wa Rudsel, wa mume wa mtu, mara tatu. Cletus alikaa chini ghafla, kama aliyekatwa kamba.

Lakini Rudsel hakunipa pete palepale. Aliisugua kwa kidole gumba, akafumba jicho moja, akaielekeza kwenye jua kutazama ndani. Akatabasamu.

"Ersilia," akasoma. "Tisa, kumi na moja, sabini na tatu." Akanishika bega. "Hongera sana, mama Ersilia. Ndoa imekula chumvi hii!"

Joselle akasogeza kinasa sauti karibu.

"Nani Ersilia?" Joselle akauliza.

"Si huyu mama? Si ndiye mke wa mzee?"

"Huyu anaitwa Evarista."

Rudsel akatazama pete, akanitazama mimi, akatazama tena pete.

"Ni sonara," Cletus akasema haraka. "Ersilia ndiye sonara. Nilikuambia, Eva, alama za sonara."

"Sonara haandiki siku ya harusi, mzee," Rudsel akacheka, maskini, bado hajaelewa amekanyaga wapi. "Kwetu hapa pete ya mume inaandikwa ndani jina la mke, na ya mke jina la mume, na tarehe waliyofunga ndoa. Tazama." Akavua ya kwake, akamwonyesha Joselle. "Maritza. Huyo wangu. Na hii ya kwenu imechongwa vilevile, kazi ya hapa hapa. Ona ilivyo pana. Hii ya mwanamume."

Joselle hakuitazama pete ya Rudsel. Alikuwa ananitazama mimi, na macho ya forodha yamefunguka yote.

"Mama Evarista. Barua yako ilisema Juni themanini. Cheti kikabebwa na kimbunga." Akasogea. "Kile kimbunga kilibeba nini hasa?"

Uongo wangu ulikuwa umesimama katikati ya mashua, uchi, na siku nyingine ningekimbia kuufunika. Lakini nilikuwa natazama mahali pengine.

"Cletus," nikasema. "Pete hii uliipata wapi?"

"Dukani. Vitu vya rehani. Mama mmoja mnene, si nilikuambia?"

"Mnene."

"Mnene sana. Vidole hivi."

"Na Curaçao hujawahi kukanyaga."

"Mpaka leo asubuhi! Kwa kaburi la mama yangu!"

"Sawa." Nikamwomba Rudsel pete, akanipa. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Basi lete mkono."

"Wa nini?"

"Wa kushoto."

"Eva, tuko mbele za watu."

"Mbele za watu ndiko nilikokuwa nataka siku zote. Kama ni ya mama mnene, si itakukataa? Lete."

Aliuficha chini ya paja. Akamtazama Rudsel, akamtazama Joselle, akatazama maji, kama mtu anayepima umbali. Kisha akauleta. Umepauka, umekunjamana kwa kulowa.

Sasa niseme ukweli. Kumvisha Cletus pete ni kitu nimekifanyia mazoezi maisha yangu yote. Nikimenya ndizi mbichi namvisha. Nikikamua nguo namvisha. Akilini nimevaa blauzi nyeupe, Padre Lambert yuko mbele, wanangu wako nyuma. Hata mara moja sikuwahi kuwa na alama ya miwani ya kuzamia usoni na maji ya bahari kwenye chupi.

Na niwaambie jambo ambalo sijalisema hata kwenye maungamo: niliomba isiingie. Kwa moyo wangu wote niliomba ikwame. Anione mjinga, anikoromee, aseme "Unaona, we mwanamke!", nami nimwombe radhi kuanzia pale mpaka Jumamosi.

Nikaisukuma. Ikafika kwenye fundo la kidole, ikasita.

Nikapumua.

Kisha ikateleza kwenye yale mafuta ya jua aliyojipaka, ikapita, ikashuka hadi chini, ikakaa. Bila uzi. Bila kupwaya. Kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Kataa kekundu ka Joselle kalikuwa kanawaka.

Cletus akaivuta. Haikutoka. Akaizungusha, akaivuta tena, akaitemea mate, akainama akaiuma kwa meno.

"Hebu nisimulie tena, baba," nikamwambia. "Habari za Saint Croix."